Lori Liko Njiani

Alikuwa akibisha hodi ghalani kabla ya kufungua. Ghala lenyewe halina mtu, lina maharage na panya, na ufunguo uko mkononi mwake, lakini atasimama pale mlangoni, atagonga bati kwa kifundo cha kidole, atasema "hodi humu," atangoja kidogo, ndipo afungue. Siku ya kwanza nilipomwona nilidhani hana akili nzuri. Nikamuuliza anambishia hodi nani. Akasema mali ya watu haivamiwi. Nikamwambia basi panya wameshamsikia na wamejificha, atawakamata lini. Hakucheka. Kicheko chake kilikuwa adimu kama mvua ya mwezi wa saba.

Jina lake silitaji. Kwetu Kitanga kila mtu alimwita Mtunza Ghala, na tulipomzoea tukakata, tukabaki na Mtunza. Alikozaliwa na ukoo wake sitaki kuingia huko, maana huku kwetu ukianza kuuliza mtu alivuka mpaka lini na babu yake amezikwa upande gani, utaondoka na ugomvi. Inatosha kusema alitujia kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa. Huko alikuwa akifanya kazi kwenye stoo ya chakula, kupakua na kugawa. Ushirika wetu wa maharage ulikuwa unatafuta mtu wa ghala, mchungaji akamsema vizuri, tukamchukua. Mimi nilikuwa naongoza upande wa akina mama, kwa hiyo nilimjua kwa kazi. Mtu ukimjua kwa kazi huhitaji kuambiwa mengine.

Maharage aliyapima kwa jino. Unaleta gunia lako, anatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa punje ya chini kabisa, anaiuma. Ikipasuka, tak, imekauka, unapita. Ikipokea alama ya jino, unarudi nayo nyumbani ukaanike tena. Hakujali wewe ni nani. Alimrudisha mke wa mchungaji, yule yule mchungaji aliyemsemea. Mimi alinirudisha mbele ya wasichana niliowafundisha mwenyewe kuanika. Nikamwambia, jino lako hilo limeoza, ndiyo maana haliumi vizuri. Akaokota punje nyingine, akanipa, akasema, "Tumia lako, Mama Yosia." Nikaiuma. Ilikuwa mbichi. Nikafunga gunia langu nikaondoka, na wiki ile sikumsalimia.

Kwa kusalimia yeye alikuwa Mha kuliko Waha. Vijana wa siku hizi wanapita na "mambo" na "poa" kama mtu anayetupa maganda. Yeye alisimama, akaegemeza baiskeli, akapiga makofi yale ya polepole, akaamkia kwa Kiha, mwakeye, akauliza nyumba, akauliza mgonjwa, akauliza ng'ombe kwa wenye ng'ombe. Ukiwa na haraka ulijificha usikutane naye. Niliwahi kupita kwenye migomba ya watu ili nisimkute njiani, nikamkuta humo humo kwenye migomba, naye amemsimamisha mtu mwingine.

Sasa hapa kuna jambo lake ambalo wengi hawakulielewa, nami nililielewa polepole. Kazi yake ilikuwa kuuliza watu wana kiasi gani. Lakini yeye mwenyewe hukumsikia hata siku moja akisema ana kiasi gani cha kitu chochote. Alipokuja karani wa sensa kuuliza mbuzi wake, akajibu, "Wapo." Karani akauliza wangapi. Akasema, "Wa kutosha." Yule kijana akatazama zizi, mbuzi wakamtazama, akaandika anachojua yeye.

Mgeni anayesoma hapa anaweza kuona ni ujinga. Si ujinga. Kwetu mtu haulizwi alichovuna akajibu. Hata kama stoo imejaa mpaka kuku wanalala nje, unasema "kidogo, tunamshukuru Mungu," na aliyeuliza anaelewa, anasema naye kwake ni kidogo hivyo hivyo, mnaagana. Jicho la mtu lina uzito. Stoo unamfungulia yule aliyekula kwako nawe ukala kwake, aliyekuzikia mtu wako. Huyo humwambii hata neno. Unafungua mlango tu, anaona. Mtunza alikuwa na msemo wake juu ya hilo. Alisema anayekuonyesha ghala lake amekuonyesha tumbo lake.

Na kambini, alisema, kila mtu alidanganya idadi ya watoto wake. Wagawaji walijua, nao wakapunguza kila jina, na mwisho wa yote unga ukafika karibu na pale ulipotakiwa kufika. Alilisimulia hilo bila aibu na bila kucheka, kama mtu anayesimulia mvua ilivyonyesha.

Biashara yetu ilikuwa ya watu watatu. Sisi wa ushirika, wenye maharage. Kampuni ya malori ya Kasulu, ambayo ni ya Alhaji mmoja mwenye duka na magari, ndugu zake wako pwani, mtu mpole mwenye kanzu safi hata siku za tope. Na kampuni ya kununua, yenye ofisi Kibondo, iliyoyachambua maharage na kuyapeleka mijini na nje ya mpaka. Kila mmoja alikuwa na mkataba wake na mwenzake, wenye mihuri. Lakini habari zilitembea kwa miguu ya Mtunza. Alidandia lori kwenda Kasulu, akakaa kwenye benchi la duka la Alhaji, akasalimia mpaka mwisho, ndipo akasema maharage yanakaribia kukauka. Akapanda gari lingine kwenda Kibondo, huko akafanya hivyo hivyo. Mkungu wa ndizi alibeba kila safari, wa kumpa huyu au yule. Tulimlalamikia kwamba anamaliza siku nzima barabarani kwa neno moja. Akasema habari ni mboga, na mboga hailiwi bila ugali. Ugali ni kujuana.

Kila baada ya mavuno tulikaa wote ghalani. Hili lilikuwa jambo lake mwenyewe, hakuna mkataba uliolitaja. Akina mama tulikamua ndizi, tukatengeneza pombe, ikaletwa kwenye mtungi mmoja, na mirija ikaingizwa humo. Aliyekaa hapo alikunywa kwenye mtungi ule ule na wenzake, kichwa kwa kichwa. Alhaji hanywi pombe, kwa hiyo Mtunza alimwekea birika la chai ya tangawizi, akaliweka karibu kabisa na mtungi, na Alhaji akamiminiwa kabla mrija wa kwanza haujavutwa. Mtunza mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Alishika mrija muda wote, na hakuna aliyewahi kuona kitu kikipanda humo. Meneja wa Kibondo wa wakati ule alikuwa mtu mzima mwenye mvi, alimjua kila mmoja wetu na watoto wetu. Walikaa mpaka jua linageuka. Kisha Mtunza aliinuka, akabisha hodi, akafungua ghala, wakaingia wote wakaona. Hakuna aliyeandika kitu. Wakatoka, wakapangana lori lije lini.

Ndipo ukaja mfumo.

Kampuni ya Kibondo ndiyo iliyouleta. Walileta vishikwambi, kimoja cha ghala, kimoja cha Alhaji, kimoja kikabaki kwao. Mtunza aandike kilichomo ghalani, Alhaji aandike lori liko wapi, Kibondo waandike wanataka mzigo gani na lini. Anachoandika mmoja, wote watatu wanakiona pale pale. Kulikuwa na mahali pa namba, na chini yake kisanduku kidogo cha maoni, cha kuandika maneno.

Nilitegemea Mtunza atakichukia. Alikipenda kama mtoto. Alikishonea mfuko wa kitenge. Jioni akimaliza kufunga alikaa kwenye kizingiti, akakipangusa, akaingiza alichopokea, akaniita nione jinsi lori la Alhaji linavyosogea kutoka Kasulu kuja kwetu. Nikamwambia lori hata mimi nalisikia likipanda kilima. Siku moja nilimtania, nikasema aandike "kidogo." Akajaribu kweli, ili anionyeshe. Mahali pa namba pakawa pekundu, pakakataa. Akatikisa kichwa. "Unaona, Mama Yosia. Hiki chombo hakina adabu."

Lakini kilifanya kazi. Lazima niseme ukweli. Misimu kama ile ya mwanzo sijaiona tena. Lori lilifika wakati gunia la mwisho linashonwa. Kibondo walijua mapema kama mvua imetuchelewesha, hawakupiga kelele. Maharage ya njano yaliondoka yakiwa bado yanang'aa. Watu wa semina walikuja wakatupiga picha, wakasema mfumo huu umeleta mapinduzi, na kijana mmoja akamuuliza Mtunza siri ni nini. Mtunza akaonyesha mtungi uliokuwa pembeni, umeoshwa, umefunikwa. Kijana akapiga picha ya mtungi, lakini nadhani hakuelewa, maana alituuliza kama ni wa maji.

Sisi tulikuwa tunaandika namba za kweli kwa sababu tuliowaandikia walishaziona kwa macho. Hiyo tu. Kishikwambi kilichukua kilichokuwa kimeshasemwa mtungini, kikakikimbiza haraka. Mimi sikusoma sana, lakini hilo nililiona, na sijasikia aliyesoma akilisema.

Yule meneja mwenye mvi akastaafu. Akaja kijana, msafi, mwenye adabu yake ya mjini, anatuita "wazee wangu." Alipoambiwa habari ya siku ya ghalani alicheka vizuri, bila dharau. Akasema, "Wazee wangu, tusichoshane. Tulete magari, tupoteze siku nzima, wakati kila kitu kiko kiganjani?" Akagusa kishikwambi. Mtunza akasema kiganjani kuna namba. Kijana akasema ndiyo, namba ndiyo tunayoitaka. Mwaka ule tulikamua ndizi kwa mazoea, tukakaa wenyewe na Alhaji. Mrija wa Kibondo ukabaki umeegemea ukingo wa mtungi. Alhaji akanywa chai yake upesi, akasema ana mgonjwa nyumbani.

Mgonjwa alikuwa mama yake. Alifariki msimu ule ule, maharage yakiwa yanaingia ghalani. Mtunza alikwenda Kasulu siku hiyo hiyo, akakaa msibani. Yeye Mkristo, mzee wa kanisa, alikaa mkekani na Waislamu, akabeba jeneza ilipofika zamu yake, akamwaga udongo. Sisi akina mama tulipeleka unga na kuni. Kibondo hawakuja. Walituma salamu, na salamu zenyewe zilipita kwenye mfumo, kwenye kile kisanduku cha maoni, chini ya mahali pa lori. Iliandikwa: "Pole kwa msiba. Lori la mzigo wa Kitanga limefikia wapi?"

Mtunza ndiye aliyenisimulia. Alhaji alimpa kishikwambi asome, akasoma, akamrudishia. Alhaji alikifuta kioo kwa upindo wa kanzu, kama mtu anayefuta mate, akakisukuma chini ya mkeka.

Tangu hapo mfumo ukaanza kusema lori liko njiani. Asubuhi liko njiani, jioni liko njiani. Mkwe wangu anayebadilisha hela kule Manyovu akaja kututembelea, akasema mbona malori ya Alhaji yanashinda mpakani yakipakia mizigo ya watu wengine. Mtunza akamjibu kwamba barabara ni ndefu. Alimtetea Alhaji mbele ya watu. Kisha akapanda gari kwenda Kasulu, akarudi. Nikamuuliza Alhaji amesema nini. Alisema Alhaji amemkaribisha vizuri, amempa chai, na kila alipotaja lori, akamuongezea chai.

Kibondo nako yule kijana hakuwa mjinga. Aliona ghala letu limejaa. Maharage hayana miguu, na sisi hatuna lori. Akaanza kutungojesha. Mwanzo alisema wiki ijayo, halafu akasema kuna ukaguzi, halafu akasema bei itazungumzwa upya, maana mzigo uko mwingi, anauona. Anauona. Neno hilo liliwachoma akina mama. Tulikutana nje ya ghala, na mmoja wetu, mama mjane mwenye shamba kule bondeni, akamwambia Mtunza usoni kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha mwenye njaa tumbo letu. Wengine wakaitikia. Wakamtaka apunguze namba. Wakiona ni kidogo, watakimbilia kununua kabla hakijaisha, ndivyo tulivyofikiri.

Alikataa. Alisema chombo kina watu watatu, na mmoja akianza kudanganya, wote watatu wamekuwa vipofu. Akaambiwa mmoja ameshaanza, lori liko njiani. Akaambiwa wa pili naye ameanza, kila siku wiki ijayo. Akakaa kwenye kizingiti. Alikaa pale mpaka watu wakaondoka. Kesho yake akaandika nusu ya kilichokuwemo.

Nilikuwepo. Nilimwona akiandika, kisha akainuka kwenda kufungua ghala, na akaingia moja kwa moja bila kubisha hodi. Nikajua. Sikusema kitu, kwa sababu nami nilitaka maharage yangu yaondoke.

Wanawake nao walipojua ghala linaandika nusu, wakaanza kubakiza magunia nyumbani, wakimwambia msimu haukuwa mzuri. Mtu anayemdanganya mkubwa wake, wewe utamwambia ukweli wa nini? Akauliza kila mmoja amebakiza kiasi gani, akajibiwa kidogo, tunamshukuru Mungu. Akaacha kuuliza. Hata kuuma maharage akaanza kuacha. Alitumbukiza mkono tu, akautoa, akasema weka pale.

Kilichotokea baadaye ni kitu kidogo, lakini ndicho kilichotumaliza. Kibondo walipata mteja mkubwa, mtu wa kuchukua mzigo wote wa eneo hili kwa mara moja. Kijana akafungua mfumo, akaona Kitanga kuna nusu, haitoshi hata kumsumbua mwenye lori. Akaona lori la Alhaji liko njiani, halipatikani. Akageukia wilaya nyingine, akachukua huko. Wakati huo huo malori ya Alhaji yalikuwa yameegeshwa Kasulu, matupu, maana kule mpakani kazi ilikuwa imekatika. Na ghala letu limejaa. Kila mmoja alikuwa na kile alichohitaji mwenzake, na kila mmoja alikuwa ameandika hana. Tulijua hayo baadaye, watu walipoanza kulaumiana.

Mvua ikaingia. Magunia yaliyopokelewa bila kuumwa yalikuwa na unyevu, yakapata joto, na wadudu wakazaliwa humo wakahamia kwa wenzao. Asubuhi moja nilisikia ghala likivuma. Ukiweka sikio kwenye bati ulisikia kama mvua ya mbali. Tulipofungua, sakafu ilikuwa na unga mweupe, na maharage yalikuwa na matundu kama kipande cha filimbi. Yule mama mjane alitumbukiza mkono kwenye gunia lake, akautoa, akautazama, akaupangusa kwenye kanga. Mbegu yake ya msimu ujao nayo ilikuwa humo.

Tukakutana pande zote tatu ghalani, siku moja, kwa mara ya kwanza tangu meneja wa zamani aondoke. Mtungi haukuwepo. Kijana wa Kibondo alisimama na kishikwambi chake akatuonyesha. "Bibi, mimi nasoma kilichoandikwa. Mngeandika mna mzigo, ningekuja." Nilimjibu kwamba tulipoandika tuna mzigo, hakuja. Akamgeukia Alhaji, akamuuliza lile lori lililokuwa njiani msimu mzima lilikuwa linakwenda wapi.

Alhaji akasema, "Mwanangu, lilikuwa linakuja kukupa pole."

Kijana aliinamisha kichwa, akaanza kugusagusa kioo, akasema labda mfumo ulikuwa na shida, ataita mafundi. Mtunza alikuwa nyuma ya watu. Akatoa kishikwambi chake kwenye ule mfuko wa kitenge, akakiwasha, akakiinua tuone mwanga.

"Chombo ni kizima," akasema. "Hata chaji ipo."

Ufunguo nilimnyang'anya mimi. Akina mama walinituma, na hata wasingenituma ningekwenda. Magunia hayakujiweka yenyewe bila kuumwa. Alinipa bila ubishi. Aliufungua kwenye kamba ya suruali, akauweka kwenye kiganja changu, akanikunjia vidole kwa mikono yake miwili, kama unavyompa mtu kitu kwa heshima. Akaniambia nisisahau kubisha hodi. Nikamwambia mimi sina wazimu. Maharage tukayamwaga, mengine tukawapa nguruwe wa watu. Mwezi haukuisha, akahama na mkewe, wakaenda Kibondo kwenye shamba la upande wa mke.

Ushirika upo. Kuna kampuni nyingine ya kununua, kuna malori mengine, kuna mfumo mwingine, mzuri zaidi kwa kuutazama, una picha na rangi. Kuna msichana mwerevu anayejaza. Namuona jioni akiuliza watu, na watu wanamjibu. Anaandika wanachomwambia. Lori huja linapopenda.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilikwenda Kibondo hospitali kwa ajili ya macho. Nilipotoka nikasema nipite kwa Mtunza, kwa kuwa sipendi kuambiwa baadaye kwamba nilikuwa karibu nikapita. Nyumba yake iko nyuma ya soko, ina ua wa matete. Nilibisha hodi. Mkewe akaniita ndani, akanikalisha, akasema, "Amekonda, usimwambie." Kisha akamwita.

Alikuwa amekonda. Alisalimia kwa utaratibu wake wote, makofi, nyumba, wagonjwa, mpaka nikachoka kukaa. Akauliza Kitanga mvua, akauliza mama mjane. Nikamwambia mama mjane alikodisha shamba lake, sasa analima kibarua kwenye udongo wake mwenyewe. Kisha akatoa simu yake ya kupangusa, si kile kishikwambi, kile alikirudisha, lakini mfumo wa zamani ulikuwemo. Hakuna aliyekumbuka kumtoa. Akanionyesha. Ghala la Kitanga: ile namba ya nusu. Kibondo: wiki ijayo. Lori: liko njiani.

"Kila jioni naangalia," akasema. Mkewe aliyekuwa anapepeta mchele akasema kila jioni kweli, bora angekuwa anaangalia mpira.

Akaniambia kuna watu wa pale Kibondo wamemtafuta. Wana kikundi chao cha mihogo, wamepata kampuni mbili za kushirikiana nazo, wanaletewa mfumo, wanataka mtu aliyewahi kuutumia awasaidie. Hajawajibu. Alikuwa akitaka kwanza kumuuliza mtu mmoja swali moja, na Mungu amenileta.

"Mama Yosia. Msimu huu umepata kiasi gani?"

Nikamjibu, "Kidogo. Tunamshukuru Mungu."

Hakuondoa macho kwangu. Mkewe akaacha kupepeta.

"Ninayeuliza ni mimi," akasema.

Mtu huyu alinirudishia gunia mbele ya wasichana wangu, na alikuwa sawa. Alimzika mtu wangu. Alikula kwangu, nimekula kwake, hata wakati huo sahani yake ilikuwa mbele yangu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kile kile.

"Kidogo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali ambayo alishayajua. Akaizima simu, akaiweka kifudifudi juu ya mkeka. Akamwambia mkewe anitilie mboga zaidi. Aliponisindikiza mpaka barabarani alisema atawaambia watu wa mihogo watafute mtu mwingine. Hakunilaumu. Aliniwekea mkono begani, akaniombea safari njema.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Kabla sijavua kanga ya safari nilikwenda stoo. Nilisimama mlangoni, nikabisha hodi kwa kifundo cha kidole, nikangoja, nikafungua. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka darini, maharage ya njano, makavu, nimeyauma mwenyewe. Nilisimama nikayatazama. Nikaweka sikio kwenye gunia la karibu, nikasikiliza.

Kisha nikafunga. Na kesho mtu akiniuliza, nitamjibu vile vile.